Kuki nene za chokleti za kuoka nyumbani, laini katikati kama za bekari

Maswali ni yale yale kila siku jamani. Kuki zangu zinatandaa kama chapati, nifanyeje? Naweza kuweka Blue Band badala ya siagi? Sina oveni, naokaje? Nimeoka dakika 20 zikatoka kavu, tatizo nini? Sasa nimeamua niandike yote sehemu moja, mtu akiuliza tena namtumia hii asome mwenyewe kwa nafasi yake.

Tuelewane kwanza tunaongelea kuki gani. Sio zile nyembamba za pakiti zinazovunjika ukizigusa. Ni zile nene, moja inajaza kiganja, pembeni zimekauka kidogo ila katikati laini, ukitafuna inavutika, na chokleti bado iko laini ndani. Kuki ya chokleti yenyewe ni ya Wamarekani, inahusishwa na mama mmoja Ruth Wakefield aliyekuwa na mgahawa wa Toll House kule Whitman, Massachusetts, miaka ya 1930. Hii staili ya minene sana wengi wameijulia kwa Levain Bakery ya New York, iliyofunguliwa 1995, wao kuki moja ina wakia 6, yaani kama gramu 170! Sisi hapa tutafanya za gramu 95 hivi maana oveni zetu za nyumbani tunazijua, na bei ya siagi pia tunaijua.

Ukishika mambo mawili tu umemaliza: donge liingie kwenye oveni likiwa la baridi, na kuki itoke kabla hujaamini kwamba imeiva. Kingine chochote ukikosea kinarekebishika, ila hayo mawili ukiyaruka usije ukasema mapishi mabaya.

Unachohitaji (zinatoka kuki 8 kubwa)

- Siagi halisi gramu 125, yaani nusu ya pakiti ya gramu 250. Kama siagi yako ina chumvi, punguza chumvi ya kwenye orodha iwe nusu.
- Sukari ya kahawia, ile laini yenye unyevu, gramu 120 (nusu kikombe cha kupimia, ukiishindilia, na kijiko juu yake)
- Sukari nyeupe gramu 50 (robo kikombe)
- Yai 1 zima na kiini cha yai lingine 1
- Vanila kijiko 1 cha chai
- Unga wa ngano wa kawaida gramu 220 (kikombe 1 na robo tatu)
- Wanga wa mahindi, ile konifulawa, vijiko 2 vya chakula vya kusawazisha
- Bekin soda nusu kijiko cha chai
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Chokleti gramu 180

Vyombo: bakuli kubwa, mwiko au mikisa ya mkono, trei, karatasi ya kuokea, na kama unaweza mizani ndogo ya jikoni. Kwa kweli kama kuna kitu kimoja cha kununua mwaka huu nunua mizani. Kikombe kimoja cha unga mtu mmoja anachota anapata gramu 120, mwingine anashindilia anapata 150 na zaidi, afu wote wawili wanaandika "nimefuata vipimo". Huna mizani? Basi unga uukoroge kwanza upate hewa, uchote kwa kijiko utie kwenye kikombe bila kushindilia, ufute juu kwa mgongo wa kisu. Na kikombe ni cha kupimia cha mililita 250, sio kikombe cha chai cha kabatini.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye vitu vinne, maana hapa ndo watu wengi wanaharibikiwa hata kabla hawajawasha moto.

*Sukari ya kahawia.* Sukari ya dukani kwetu yenye rangi ya udongo udongo, ile chembe kubwa tunayowekea chai, sio inayotakiwa hapa. Ile haina molasi (ule uji mweusi mzito wa miwa) ya kutosha, na chembe zake zikiwa kubwa haziyeyuki vizuri, unapata kuki inayokwaruza meno. Inayotakiwa ukiifinya mkononi inashikana. Ukiikosa, chukua sukari ya kawaida gramu 120, isage kidogo kwenye blenda, tia molasi kijiko kimoja cha chakula kisichojaa, changanya na vidole mpaka rangi iwe moja. Huna molasi, kwaruza sukari guru kwenye kikwaruzio, pima gramu zile zile, inafanya kazi vizuri tu na ina harufu yake nzuri, mi naipenda kuliko hata ya pakiti. Asali kijiko kimoja inasaidia ulaini, lakini usizidishe, inafanya kuki ziwahi kuwa nyeusi na zitandae.

*Siagi na majarini.* Swali la Blue Band. Zitaiva, utakula, hutakufa. Ila majarini za kupaka mkate zina maji mengi kuliko siagi na zinakuwa laini hata zikitoka kwenye friji, kwa hiyo kuki zinatandaa na ladha inakuwa nyingine. Ukilazimika, ongeza unga vijiko 2 vya chakula na donge lilale kwenye friji usiku mzima, hapo utapata kitu cha maana. Mafuta ya maji usijaribu kwa mapishi haya.

*Bekin soda.* Nunua ya kwenye kopo au pakiti ya chakula. Magadi ya kulainishia maharage hapana, na ile magadi ya watengeneza sabuni ndo hapana kabisa, iache huko huko. Na bekin soda sio bekin pauda, ukibadilisha kipimo kwa kipimo utapata kitu kingine. Unga pia angalia pakiti, ule uliokwisha kuwekwa bekin pauda ndani hautakiwi. Unga wako wa maandazi na chapati nyeupe unatosha.

*Chokleti.* Chipsi za chokleti za pakiti ni sawa, hazipotezi umbo. Lakini mi nachanganya nusu chipsi na nusu chokleti ya kipande niliyoikata kwa kisu, kwa sababu ile ya kukata inayeyuka na kutengeneza vidimbwi ndani ya kuki. Chagua nyeusi kiasi, asilimia 50 mpaka 60 ya kakao, maana sukari iko ya kutosha tayari. Angalia nyuma ya pakiti: kama imeandikwa mafuta ya mboga badala ya siagi ya kakao, hiyo ni ya kupambia keki, mdomoni inaacha utelezi fulani. Inauma kidogo kwamba kakao inalimwa Kyela hapo na Bundibugyo kwa jirani zetu Uganda lakini chokleti nzuri dukani bado ni bei ya harusi, haya tuendelee.

Hatua zenyewe

1. Pima kila kitu kabla hujaanza. Unga, wanga wa mahindi, bekin soda na chumvi changanya kwenye bakuli lake, koroga vizuri ili soda isijikusanye sehemu moja. Soda ikikaa kidonge kimoja mtu atang'ata akutane na uchungu.

2. Toa siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo. Hapa mapishi mengi ya wazungu yanakuambia iache mezani saa zima ilainike. Kule kwao baridi, sawa. Kama upo Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ukiiacha saa zima utakuta mafuta. Dakika 10 zinatosha, mwezi wa kwanza hata 5. Ukiibonyeza kwa kidole ibaki alama lakini kidole kisitoke na mafuta. Ikishaanza kung'aa imepitiliza, irudishe kwenye friji.

3. Tia sukari zote mbili kwenye siagi, piga kwa mikisa spidi ndogo dakika 1 mpaka 2 tu, au mwiko na nguvu za mkono kama dakika 4. Unataka ishikane tu, iwe kama mchanga mbichi. Usipige mpaka iwe nyeupe. Wapishi wa keki mnisikilize hapa, mkono umeshazoea kupiga mpaka inaumuka, lakini hewa ile inafanya kuki ijae kwenye oveni afu inywee, au inatoka kama kipande cha keki.

4. Tia yai, kiini na vanila. Piga sekunde 30, basi. Mayai ya friji hayana shida, mchanganyiko ukionekana umekatika katika usiogope, unga utaushika. Kile cheupe kilichobaki kihifadhi ukaangie yai asubuhi. Wale wanaouliza vanila isiyo na kilevi, ipo ya unga, tia nusu kijiko cha chai pamoja na unga wa ngano.

5. Mwaga unga wote. Sasa weka mikisa pembeni, tumia mwiko, kunja kunja mpaka ubaki na michirizi michache ya unga mkavu, simama hapo. Ukikoroga sana unakaza unga, kuki inakuwa ngumu kutafuna.

6. Tia chokleti, bakisha kiganja kimoja cha kupachika juu. Changanya mara chache tu, ile michirizi ya unga itaisha yenyewe hapa. Mchanganyiko unatakiwa uwe mzito, unakaa wenyewe kwenye mwiko. Ukiwa unateleza na kudondoka, siagi ilikuwa na joto au unga ulipungua.

7. Gawanya sasa hivi, kabla ya friji, maana ukishakaa usiku mzima utahangaika nao kwa kijiko mpaka kijiko kipinde. Pima gramu 95, utapata madonge 8. Usiyaviringe yakawa laini kama unafanya kachori, yaache na makwaruzo yake, na yasimame kwenda juu kuliko kwenda pembeni. Pachika chokleti ulizobakiza juu.

8. Panga kwenye sahani, funika vizuri yasikauke wala yasinuse kitunguu cha jana, weka kwenye friji. Saa 2 ndo mwisho wa kupunguza. Usiku mzima ndo raha yenyewe, unga unanyonya unyevu, ladha inakuwa kama ya karameli na rangi inakuja nzuri. Siku 2 hata 3 bado ziko salama friji likiwa linafanya kazi. Una haraka sana, friza dakika 45. Na umeme ukikatika usifungue fungue mlango.

9. Washa oveni nyuzi 200, moto wa juu na wa chini, na uiache dakika 20 kamili. Kile kitaa kikizima haimaanishi oveni nzima imepata moto. Oveni yako ikiwa ya feni weka 180 mpaka 185. Trei iwe ya baridi, weka karatasi ya kuokea. Usipake trei mafuta, kuki zinateleza na kutandaa. Ukitaka kuoka awamu ya pili, trei ikimbize kwenye maji kwanza ipoe.

10. Oka kuki moja kwanza. Nasisitiza hii kwa wanaoanza, kuki moja ya majaribio inakuambia oveni yako ina tabia gani na donge lako liko vipi, kuliko kuharibu zote 8 kwa pamoja. Ikitandaa sana, yaliyobaki yanasubiri friza dakika 20. Ikibaki kidonge, yaliyobaki unayabonyeza kidogo kwa kiganja.

11. Zikishakubali, panga 4 kwa trei zikiwa mbali mbali, weka ngazi ya katikati. Dakika 10 mpaka 13. Kuanzia ya 10 usiondoke, simu weka chini. Unatafuta hivi: pembeni rangi ya dhahabu, juu kumepata mipasuko na vidoa vya kahawia, katikati bado pamepauka na ukitikisa trei panacheza kidogo, ila hapang'ai kama kitu kibichi. Pakiwa bado panang'aa ongeza dakika 1. Ukisubiri mpaka katikati pakaze, umechelewa, umeshatengeneza biskuti.

12. Zikitoka tu, kama kuna iliyopinda, ifunike na bakuli au kikombe chenye mdomo mpana kuliko yenyewe, kizungushe zungushe, itakaa duara. Hii inawezekana dakika ya kwanza tu.

13. Ziache juu ya trei ile ile dakika 15 mpaka 20. Hapa ndo zinamalizia kuiva, kwa joto la trei. Ukiinua mapema inakatika mkononi afu unakuja kulalamika kwamba mbichi. Najua harufu inasumbua na watoto wamejaa jikoni, wape kitu kingine. Na kwa watoto pia, mchanganyiko mbichi wasiulambe, yai bichi na unga mbichi vyote vinaweza kuumiza tumbo.

Sina oveni, naokaje?

Jiko la mkaa: tafuta sufuria zito, weka mchanga safi mkavu chini au kitako cha chuma, lipashe moto na mfuniko wake dakika 15. Madonge yafanye madogo, gramu 60 hivi, mawili matatu kwa awamu, yakae kwenye sahani ya bati yenye karatasi. Funika, afu palia makaa juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Makaa mengi yawe juu, chini yabaki machache. Usipopalia juu, chini zitaungua na juu zitabaki nyeupe. Anza kuchungulia dakika ya 10, na usifunue kila saa. Kwa jiko la gesi ni hivyo hivyo isipokuwa juu hazitapata rangi, ladha iko pale pale.

Eafraya: nyuzi 165, anza kuangalia dakika ya 8. Karatasi usiiweke peke yake wakati inapata moto, feni itaipeperusha mpaka kwenye waya wa moto na hapo tutakuwa tunaongea mambo mengine. Iingie pamoja na kuki, ikatwe isizidi ukubwa wa kuki.

Mambo yakienda kombo

*Zimetandaa zote zikagusana.* Siagi ilikuwa na joto, au donge halikupoa, au oveni haikupata moto wa kutosha, siagi ikayeyuka kabla unga haujashika. Madonge yaliyobaki yatie friza, oveni ipe dakika 10 zaidi. Bado zinatandaa? Basi unga ni pungufu, kanda unga kijiko kimoja cha chakula kwa kila madonge manne.

*Hazikutandaa kabisa, zimebaki vidonge.* Unga umezidi, hii ni ya watu wa vikombe. Au zimetoka friza moja kwa moja. Zibonyeze mpaka unene wa vidole viwili kabla ya kuoka.

*Nje nyeusi, ndani mbichi kabisa, sio laini, mbichi.* Oveni yako ina moto kuliko inavyosema, na oveni nyingi ziko hivyo. Shusha mpaka 180, oka dakika 14 mpaka 15. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni kinamaliza huu ubishi.

*Chini zimeungua.* Trei nyeusi nyembamba inafanya hivyo. Weka trei mbili, moja juu ya nyingine, na panda ngazi moja juu.

*Zimekuwa kama keki.* Umepiga sana siagi na sukari, au umetia bekin pauda, au umeweka mayai mawili mazima ukaona kutupa cheupe ni hasara.

*Zina ladha ya sabuni.* Soda imezidi. Nusu kijiko cha chai ni cha kusawazisha, sio cha kilima.

*Jana laini, leo ngumu.* Zilikaa kwenye oveni dakika mbili tatu za ziada, au umeziacha wazi. Zihifadhi zikishapoa kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, tia kipande cha mkate ndani, mkate utakauka na kuki zitabaki laini. Zinakaa siku 3 mpaka 4 mezani. Ukitaka kuila ya moto, maikrowevu sekunde 10 inatosha.

*Nataka kuoka moja moja kila nikijisikia.* Madonge yagandishe friza yakiwa yametengana, yakishaganda yatie kwenye mfuko, yanakaa miezi 2 bila shida. Usiku toa unazotaka uziweke kwenye friji, kesho unaoka kama kawaida. Ukiwa huna subira oka hivyo hivyo zikiwa na barafu, nyuzi 180, dakika 15 mpaka 17, ila ziache kwanza mezani dakika 10 uweze kuzibonyeza.

*Nizidishe mara mbili kwa ajili ya oda?* Zidisha kila kitu, hata soda, mayai yanakuwa mazima 2 na viini 2. Ila usizioke trei mbili kwa wakati mmoja kwenye oveni ndogo ya mezani, ya chini itaungua, ya juu ikiwa bado, na mteja hatakuuliza oveni yako ina ukubwa gani.